Bata Madume Wazidipo: Jinsi ya Kulitunza Kundi Dogo la Nyumbani

Bata ni ndege mwenye faida kubwa kwa mtu aliye na shamba dogo. Hahitaji nyumba ya gharama, hustahimili mvua na matope kuliko kuku, hujitafutia konokono, wadudu na majani mabichi, na magonjwa mengi yawamalizayo kuku humpita. Ndiyo sababu katika sehemu za magharibi ya Kenya, kando ya Ziwa Victoria na huko pwani si ajabu kuona bata watano au sita wakitembea uani bila mchungaji.

Lakini liko jambo moja liharibulo faida hiyo, nalo huja polepole hata mwenye bata asilitambue upesi. Jambo hilo ni wingi wa madume. Mtu huona kundi lake limeongezeka, akafurahi; miezi michache baadaye mayai yamepungua, majike wawili wanachechemea, na debe la mahindi huisha kabla ya wakati wake. Hudhani kuna ugonjwa, au kwamba jirani mwenye kijicho ameingia bandani, kumbe sababu inatembea uani mbele ya macho yake. Somo hili laeleza kwa nini madume huzidi, madhara wayaletayo, namna ya kuwatambua wangali wadogo, na njia za kuwapunguza bila hasara.

KWA NINI MADUME HUZIDI

Bata wengi wa kienyeji nchini Kenya ni wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, ambao kwa jina la kigeni huitwa Muscovy. Asili yao ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Jike wa bata hawa huatamia mayai yake kwa muda wa siku 35. Bata wa jamii nyingine, kama yule mweupe aitwaye Pekin au yule wa rangi ya hudhurungi aitwaye Khaki Campbell, mayai yao huanguliwa kwa siku 28.

Kwa bata wote hawa kanuni ni moja: vifaranga waanguliwao huwa karibu nusu madume na nusu majike. Katika vifaranga 12 mtu atazamie madume sita. Pengine watakuwa wanne, pengine wanane, lakini mwaka ukipita na hesabu zikijumlishwa, nusu itaonekana.

Sasa itazamwe haja yenyewe. Dume mmoja mwenye afya aweza kutosheleza majike wanne hadi sita. Basi katika kila mtamio wa vifaranga 12, hata wakipona wote, dume mmoja au wawili tu ndio wenye kazi. Wanaobaki hula, hukua, na hutafuta majike ambao hawapo. Tena wanunuzi wa bata wa kufuga hupenda kununua majike. Mfugaji mwenye haja ya fedha huwauza hao kwanza, na madume hubaki nyumbani wakizidi kuwa wengi.

Lakini ifahamike kwamba jike hahitaji dume ili atage. Atataga vilevile bila yeye, na mayai hayo ni mazuri kwa kula, tena hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika, kwa kuwa hayana mbegu ya kifaranga ndani yake. Dume ahitajiwa na yule tu atakaye vifaranga. Mkaaji wa mjini mwenye majike watatu kwa ajili ya mayai ya watoto hana haja ya dume hata mmoja.

MADHARA YA MADUME WENGI

Dhara la kwanza huwapata majike. Dume wa Muscovy aliyekomaa huwa na uzito wa kilo nne hadi sita, na jike wake kilo mbili hadi tatu. Dume anapompanda jike humshika kwa mdomo manyoya ya shingoni au kisogoni. Dume mmoja na majike watano, jambo hili hupita bila dhara. Lakini madume wanne na majike watatu, kila jike hupandwa mara nyingi kwa siku, na pengine madume wawili au watatu humkimbiza kwa pamoja. Manyoya ya shingo hung'oka, ngozi huchubuka, macho huumizwa, na mgongo na miguu hulemewa. Mahali palipo na kidimbwi au mfereji wenye kina, jike aweza kushikwa kichwa chini ya maji mpaka akafa.

Dhara la pili ni upungufu wa mayai. Jike anayewindwa hukaa amejificha bandani au chini ya ghala. Hatoki kula vya kutosha wala kunywa. Akitoka kiotani mwake wakati wa kuatamia, hukimbizwa asiweze kurudi, na mayai hupoa. Hivyo mtu aliyeweka madume wengi kwa kudhani kwamba vifaranga watazidi, huishia kupata vifaranga wachache.

Dhara la tatu huwapata kuku walio katika ua mmoja na bata. Dume aliyekosa majike wa jamii yake huwapanda mitetea. Maumbile ya bata dume si kama ya jogoo: bata dume anacho kiungo cha uzazi kitokezacho nje, naye aweza kumwumiza mtetea ndani ya mwili hata akafa. Mtetea aonekanaye kukaa pweke na damu mkiani, na uani mna madume wa bata wasio na wenzi, hana haja ya kutafutiwa sababu mbali.

Dhara la nne ni gharama. Bata mkubwa alishwaye ndani, asiye na mahali pa kujitafutia, hula gramu 150 za nafaka kwa siku au zaidi. Madume watano wasio na kazi watakula gramu 750 kila siku, yaani kilo 22 na nusu kwa mwezi. Katika miezi minne ni kilo 90, na hizo ni gunia zima la mahindi. Bata wanaotembea na kujitafutia hupunguza kiasi hicho, lakini hawakiondoi. Mfugaji ajiulize: gunia hilo lingewalisha watoto kwa muda gani?

KUWATAMBUA MAPEMA

Anayengoja mpaka madume waanze kupigana amechelewa. Dalili za kutofautisha dume na jike huonekana mapema kwa mtu aangaliaye kila siku.

Kwa bata wa Muscovy, wafikapo majuma saba au manane, madume huanza kuwapita dada zao kwa ukubwa. Miguu yao huwa minene, kichwa kipana, na nyama nyekundu ya usoni huanza kuenea. Dume hutoa sauti ya pumzi kama ya nyoka afukuzaye, na jike hulia kwa sauti nyembamba ya upole.

Kwa bata wa Pekin, Khaki Campbell na wenzao, sauti ndiyo ishara ya kwanza. Wapatapo majuma sita hadi manane, jike hulia kwa sauti kubwa ya wazi, na dume hulia kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo, kama mtu aliyepatwa na mafua. Baadaye, karibu na mwezi wa nne, dume huota manyoya machache yaliyojikunja juu ya mkia. Bata wa Muscovy hana manyoya hayo yaliyojikunja, kwa hiyo mfugaji asimtafutie.

Aliyekwisha kutambuliwa kuwa dume afungwe uzi wa rangi mguuni, usiokazwa, nao ubadilishwe kadiri mguu unavyonenepa. Kisha mfugaji aandike katika daftari: vifaranga wangapi, madume wangapi, waliangua tarehe gani, na baba yao ni nani. Daftari la bei ndogo huokoa mahindi ya shilingi nyingi.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya mkulima mwenye ekari mbili. Mke ndiye mwenye bata, na fedha za mayai ndizo zinunuazo chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Anao majike watatu na dume mmoja mkubwa. Jike mmoja aatamia mayai 12, na vifaranga kumi wapona: majike watano na madume watano. Baada ya miezi mitatu mama huyo ana majike wanane na madume sita.

Akiacha mambo yalivyo, madume sita kwa majike wanane ni taabu iliyo karibu. Zaidi ya hayo, yule dume mkubwa ni baba wa majike watano, na madume watano ni ndugu zao. Akiwaacha wazaane wao kwa wao, vizazi vifuatavyo vitadhoofika: mayai yasiyoanguliwa yataongezeka, na vifaranga watakuwa wanyonge. Basi anayo mashauri mawili kwa pamoja, kupunguza madume na kuleta damu mpya.

Jioni amwambia mumewe kwamba yule dume mkubwa hana budi kuondoka. Mume hapendezwi.

"Mama watoto," asema, "dume huyu ndiye aliyetuanzishia kundi. Shemeji yangu alitupa kwa heshima. Itakuwaje nimchinje?"

"Hatumchinji, mzee wangu," mama ajibu. "Jirani yetu wa ng'ambo ya mto dume wake ameliwa na mbwa, naye ana vijana madume wa damu nyingine. Tumpe huyu, aliye mkubwa na aliyekwisha kujulikana kazi yake, naye atupe kijana mmoja. Shemeji akija, ataambiwa kwamba zawadi yake sasa inaanzisha kundi la pili."

Mume akubali, kwa kuwa heshima ya zawadi imehifadhiwa. Wabaki vijana watano. Watatu wauzwa sokoni wakiwa na miezi mitatu, na fedha zao zawekwa kwa ajili ya shule. Mmoja apelekwa kwa wakwe. Wa tano aliwa nyumbani siku wageni wajapo. Nyumba hiyo sasa ina majike wanane na dume mmoja mgeni. Majike wanane kwa dume mmoja ni wengi kidogo, na baadhi ya mayai hayatakuwa na mbegu. Lakini ua ni mdogo, na mama huyo aona heri kula mayai machache yasiyoanguliwa kuliko kulisha dume wa pili atakayepigana na mwenzake kila asubuhi. Mwenye ua mpana angeweza kuweka wawili.

KUMCHAGUA ATAKAYEBAKI

Watu wengi humwacha dume aliye mkubwa kuliko wote. Ukubwa ni mwema, lakini hautoshi. Dume wa kubaki na awe na miguu iliyonyooka, macho maangavu, mwendo usio wa kuchechemea, na mdomo usio na kilema. Awe ametoka kwa mama atagaye vizuri, na asiwe ndugu wa majike atakaokaa nao. Tena tabia yake iangaliwe. Dume awakimbizaye majike mchana kutwa, au awarukiaye watoto wadogo, aondolewe hata akiwa mnene, kwa maana mtoto aweza kuumizwa kwa kucha zake, nazo kucha za Muscovy ni kali.

Dume akibadilishwa, mfugaji asifikiri kwamba mayai ya kesho yake ni ya dume mpya. Jike huhifadhi mbegu ya dume wa zamani mwilini mwake kwa siku kadhaa. Atakaye vifaranga wa dume mpya pekee na angoje majuma mawili hadi matatu ndipo aanze kukusanya mayai ya kuatamiwa. Mayai ya katikati yaliwe.

Jambo jingine la kuangaliwa ni hili: dume mkali akiondolewa, aliyekuwa chini yake aweza kushika nafasi yake na ukali wake. Kwa hiyo kundi litazamwe kwa juma zima baada ya mabadiliko, hasa asubuhi wafunguliwapo, maana saa hiyo ndiyo ya vurugu nyingi.

NJIA NNE ZA KUWAPUNGUZA MADUME

Njia ya kwanza ni kubadilishana na jirani, kama ilivyoelezwa. Haina gharama, na huleta damu mpya kwa nyumba mbili. Afadhali jirani huyo awe wa mbali kidogo, kwa sababu mara nyingi bata wa kijiji kimoja wote wametoka kwa mama mmoja.

Njia ya pili ni kuuza. Wakati mzuri ni bata wafikapo majuma kumi hadi kumi na mawili kwa Muscovy, na majuma saba au manane kwa Pekin. Wakati huo nyama ni laini, na mwili umekwisha kujaa. Akiwekwa zaidi ya miezi minne, dume huongezeka uzito kidogo tu, lakini chakula alacho hakipungui. Mfugaji awapime kwa mizani kabla ya kwenda sokoni ili ajue anachouza. Bata wachukuliwe katika tenga lenye hewa, wasifungwe miguu na kuning'inizwa kichwa chini; bata aliyeumia hupunguza bei, na mateso hayana faida kwa mtu yeyote. Asiyeuzwa akirudishwa nyumbani, akae peke yake kwa majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Bata aweza kubeba kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa, na kuku wa nyumba nzima wakafa.

Njia ya tatu ni kuwala. Wako watu wasiopenda nyama ya bata kwa kuwa wamemwona akitafuta chakula matopeni. Dawa yake ni nyepesi: bata afungiwe mahali safi kwa majuma mawili, alishwe nafaka, pumba na majani, apewe maji safi, na nyama yake haitakuwa na harufu. Usiku wa kuamkia siku ya kuchinjwa asipewe chakula, ila maji apewe. Mahali walipo Waislamu ni vizuri achinjwe na Mwislamu, ili majirani na wanunuzi wote waweze kumla bila shaka.

Kumnyonyoa bata ni kazi kuliko kuku, kwa kuwa manyoya yake yana mafuta yasiyopitisha maji. Maji yawe ya moto sana lakini yasichemke, na sabuni kidogo itiwe ndani yake ili maji yapenye mpaka kwenye ngozi. Bata azamishwe na kugeuzwa kwa dakika moja au mbili, kisha anyonyolewe upesi na kuoshwa vizuri kwa maji baridi. Vinyweleo vilivyobaki vichomwe kwa moto wa majani makavu. Mafuta ya bata yakikaangwa na kuchujwa hufaa kupikia mboga. Nyama ya kijana hufaa kuokwa au kupikwa kwa mchuzi wa nazi kama wafanyavyo watu wa pwani. Dume mzee achemshwe kwanza muda mrefu kwa moto mdogo.

Njia ya nne ni kuwatenga. Yafaa kwa mtu anayengoja siku ya soko au sikukuu, au asiyependa kuwachinja. Madume peke yao, wasipoona majike wala kusikia sauti zao karibu, kwa kawaida hukaa kwa amani. Banda lao la usiku la mita mbili kwa mita mbili latosha madume watano, na nje wapewe uwanja mpana zaidi wenye wigo au waya wa kuku. Watiwe wote siku moja katika mahali papya kwa wote, ili asiwepo wa kujiona mwenyeji. Wapewe maji ya kina cha kuzamisha kichwa kizima, kwa sababu bata husafisha macho na pua zake kwa njia hiyo. Mkaaji wa mjini atafurahi kujua kwamba madume hawana kelele. Wapigao kelele ni majike wa jamii ya Pekin na Khaki Campbell.

Madume waliotengwa wasilishwe mahindi yaliyoota ukungu kwa kufikiri kwamba hao si wa thamani. Bata ni mwepesi mno kudhuriwa na sumu ya ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga zenye sumu hiyo, na vifaranga wa bata nao walikufa. Tena nyama ya bata aliyelishwa uchafu huo ndiyo itakayoliwa na watu.

MADUME WA JAMII MBILI

Mahali penye bata wa Muscovy pamoja na Pekin au wengineo, dume wa jamii moja huweza kumpanda jike wa jamii nyingine. Vifaranga wa mchanganyiko huo hukua vizuri na wana nyama nyingi, lakini hawazai, kama vile nyumbu asivyozaa. Asiyelijua jambo hili huweza kumwacha mmoja wao awe dume wa kundi, akangoja vifaranga mwaka mzima bila kumwona hata mmoja. Basi wa mchanganyiko wote wahesabiwe kuwa bata wa nyama tangu siku waanguliwapo.

KUMTUNZA JIKE ALIYEUMIZWA

Jike aliyejeruhiwa atengwe siku ileile, pamoja na jike mwenzake mmoja mpole, kwa kuwa bata hapendi upweke. Jeraha lioshwe kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwanza, yenye chumvi kidogo, kisha likaushwe na kukingwa na nzi. Chakula na maji viwekwe karibu naye ikiwa anachechemea. Jicho lililovimba au jeraha linalonuka lionyeshwe kwa afisa wa mifugo bila kungoja. Manyoya yaliyong'oka huota tena baada ya majuma machache, lakini yale yaliyovunjika hungoja mpaka bata abadilishe manyoya yake. Asirudishwe kundini kabla ya madume kupunguzwa, kwa maana ataumizwa vilevile mahali pale pale.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Nusu ya vifaranga ni madume. Dume mmoja hutosha majike wanne hadi sita.
2. Majike hutaga bila dume. Dume ni kwa ajili ya vifaranga tu.
3. Shauri la madume likatwe wafikapo miezi mitatu, kabla hawajawaumiza majike wala hawajala gunia.
4. Dume abakiye asiwe ndugu wala baba wa majike wake.
5. Kubadilishana, kuuza, kula na kutenga ni njia nne. Mfugaji achague ile ifaayo nyumba yake.
6. Shingo isiyo na manyoya, kuchechemea na kujificha ni malalamiko ya jike asiyeweza kusema.

MASWALI KWA WASOMAO PAMOJA

Katika vyama vya wakulima na vya akina mama, maswali haya yaweza kuzungumzwa baada ya somo kusomwa kwa sauti.

1. Katika nyumba ya kila mmoja aliyepo, majike ni wangapi na madume ni wangapi? Ni nani mwenye madume wa kuzidi?
2. Mtu mwenye majike kumi na madume saba, aweke madume wangapi, na wanaozidi awafanyeje?
3. Ni nani katika kijiji aliye na bata wa damu nyingine, ambaye wengine waweza kubadilishana naye?
4. Bata wa nyumbani ni wa nani: baba, mama au mtoto? Nani hutoa ruhusa ya kuuza au kuchinja?

Swali hilo la nne lisipuuzwe. Mara nyingi madume huendelea kuzidi kwa sababu mama alishaye bata hana ruhusa ya kuwaondoa, na baba mwenye ruhusa haendi bandani kuona hali yao. Nyumba ikaayo pamoja jioni moja, ikahesabu bata wake na kukata shauri kabla ya mwezi wa tatu, itaona majike wametulia, mayai yamerudi kiotani, na mahindi yamebaki ghalani.